Kupunguza Valium robo kwa robo: mwongozo kamili kwa mwili uliokwisha kuzoea

Saa mbili usiku, tukikaribia kufunga, aliingia mama wa makamo amejitanda kanga, mkononi ana stripu tupu iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe zile zile."

Nikamwomba cheti. Akasema kilikuwepo, ila ni cha zamani, cha wakati baba watoto alipofariki. Daktari alimwandikia vidonge vya wiki mbili ili apate usingizi kwenye msiba. Wiki mbili zikawa miezi kumi na tisa. Kidonge kimoja cha miligramu 5 kikawa viwili, kisha vitatu, na usingizi wenyewe sasa haufiki saa nne. Akashusha sauti, maana nyuma yake kulikuwa na kijana anasubiri Panadol: "Nilijaribu kuacha. Siku ya tatu nikatetemeka, jasho, moyo unakwenda mbio. Nikasema bora nimeze."

Watu wengi wangemwambia hakuwa na moyo wa kuacha. Mimi ni mfamasia, nimesimama nyuma ya kaunta huku Tabata, Dar es Salaam, kwa miaka ya kutosha, na nilimwambia kinyume chake: kumeza kile kidonge pengine ndiko kulikomwepusha na kuanguka kifafa. Nyumbani alikuwa amebakiza vinne. Nikamwambia ameze kama kawaida usiku huo, na asubuhi aende kliniki. Alichokosa ni hesabu. Ujasiri alikuwa nao tele. Mwongozo huu ni hiyo hesabu pamoja na mambo yanayoizunguka, na hesabu yenyewe ipitishwe na daktari kabla hujaigusa.

Mwili umefanya nini

Mwili kuzoea dawa huitwa usugu, neno ambalo siku hizi limechukuliwa na matangazo ya antibiotiki: ukikatisha dozi, vijidudu vinakuwa sugu. Hapa hakuna kijidudu. Kilichozoea dawa ni ubongo wako mwenyewe.

Valium ni jina la biashara la diazepamu, dawa iliyoingia sokoni mwaka 1963. Ndugu zake ni lorazepamu, alprazolamu, klonazepamu na bromazepamu, na ukoo mzima unaitwa benzodiazepini. Kazi yao ni moja. Ubongo una kemikali yake ya kujituliza, inaitwa GABA, na dawa hizi huiongezea nguvu. Sasa chukulia umebeba gunia peke yako, akaja mtu akashika upande wa pili. Siku za mwanzo ni raha tupu. Zikipita wiki, mikono yako inalegea, kwani nani anajikaza wakati kuna msaidizi? Gunia linaanza tena kuwa zito ingawa msaidizi hajapunguza nguvu. Hapo ndipo kidonge kimoja kinapozaa cha pili. Na siku msaidizi akiachia ghafla, gunia lote linakuangukia wewe uliyelegea: kutetemeka, kukesha, hofu isiyo na sababu, na kwa wengine degedege la mtu mzima. Ile hali mtaani tunaiita arosto.

Mazoea haya yanaweza kuanza ndani ya wiki chache tu za kumeza kila siku. Ndiyo sababu kwa usingizi dawa hizi hutakiwa zisizidi wiki mbili hadi nne. Tena hayaji sawasawa kwa kila kazi ya dawa. Nguvu ya kuleta usingizi ndiyo inayochoka mapema, ile ya kushusha wasiwasi inachelewa kidogo, lakini uwezo wa dawa kukusahaulisha hauchoki sana. Yule mama wa kanga alikuwa halali, na bado alikuwa anaunguza maharage kwa kusahau kuwa yako jikoni. Alidhani ni uzee. Hakuwa na hata miaka sitini.

Jambo moja nilisemee hapa, maana linawafanya watu wajifiche. Mwili kutegemea dawa si uteja. Aliyemeza kama alivyoandikiwa, hakuiba, hakudanganya mtu, anaweza kupata arosto kali sawa na mwingine yeyote. Uraibu ni pale mtu anapoisaka dawa huku inambomolea maisha na hawezi kujizuia. Mambo hayo mawili wakati mwingine hukutana kwa mtu mmoja, lakini usijibandike jina ambalo si lako, wala usimbandike mama yako.

Wasioruhusiwa kujaribu wakiwa nyumbani

Kuna watu ambao punguzo lao linatakiwa lifanyike chini ya uangalizi wa karibu, wengine kwa kulazwa kabisa: aliyewahi kuanguka kifafa, iwe zamani au alipojaribu kuacha, mjamzito na anayenyonyesha, anayekunywa pombe kila siku, anayetumia unga au yuko kwenye methadoni (dawa ya wanaoacha unga), anayemeza dozi kubwa kupita ile ya kawaida, na yeyote mwenye mawazo ya kujidhuru. Mzee anayeishi peke yake naye nitamweka humu, ingawa wapo watakaobisha. Mzee akianguka usiku chooni na kuvunjika nyonga, hesabu yote imeharibika.

Siku ya kliniki

Hapa Dar kuna idara ya afya ya akili Muhimbili, pale Upanga, na hospitali za rufaa za mkoa: Amana kwa Ilala, Temeke kwa Temeke, Mwananyamala kwa Kinondoni. Anzia kituo cha afya cha karibu ili upate barua ya rufaa. Kibao cha "afya ya akili" mlangoni kisikurudishe nyumbani. Daktari wa pale ndiye anayezijua dawa hizi kuliko wote. Kwa wenye unga na vidonge kwa pamoja, kliniki ya methadoni ipo Muhimbili tangu 2011, na baadaye zikafunguliwa Mwananyamala na Temeke. Waambieni na habari ya vidonge. Methadoni na Valium kwa pamoja huweza kuzima pumzi.

Beba stripu zote, hata tupu. Beba na dawa nyingine zote unazotumia, za hospitali na za mitishamba, kwenye mfuko mmoja. Kisha sema namba ya kweli.

Hapa ndipo nimeona watu wakiumia. Mtu anameza vidonge vinne, akifika mbele ya daktari aibu inamshika, anasema kimoja. Daktari, kwa nia njema, anampangia kupunguza kuanzia kimoja. Yaani siku ya kwanza tu mgonjwa ameshushwa robo tatu ya dozi yake, kisha anarudi anasema mpango umemshinda. Ukishindwa kuitamka namba, iandike kwenye karatasi umpe.

Mwulize daktari maswali matatu: Je, nibaki na dawa hii au nihamie diazepamu? Tunaanza na punguzo la kiasi gani? Nikikwama, nikupate wapi kabla ya tarehe ya kurudi? Usiondoke bila jibu la swali la tatu.

Kuhamia diazepamu, kwa wanaohitaji

Dawa hizi hazikai mwilini muda sawa. Nusu ya alprazolamu huwa imeondoka ndani ya nusu siku hivi. Nusu ya lorazepamu huondoka kwa saa 10 hadi 20. Diazepamu inachukua siku moja hadi mbili, na mabaki yake yanayoendelea kufanya kazi hukaa zaidi ya hapo. Kwa hiyo anayepunguza alprazolamu anapanda na kushuka mara kadhaa kwa siku, asubuhi anaamka tayari ana arosto ndogo. Wa diazepamu anateremka mteremko wa taratibu.

Kwa makadirio yanayotumika sana, diazepamu miligramu 10 inalingana na lorazepamu 1, au alprazolamu 0.5, au klonazepamu 0.5. Soma tena namba hizo. Kidonge kidogo cha alprazolamu unachokidharau kinaweza kuwa sawa na Valium mbili za miligramu 5. Jedwali hutofautiana, na miili pia, kwa hiyo usijihamishe mwenyewe. Daktari huhamisha dozi moja moja, mara nyingi akianza na ya usiku, akiangalia kama unasinzia kupita kiasi. Kwa wazee na wenye ini bovu anaweza kukataa kabisa, kwa sababu diazepamu kwao hulundikana.

Hesabu yenyewe

Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2025 na vyama vya madaktari, kikiwemo kile cha tiba ya uraibu, unashauri kuanza na punguzo la asilimia 5 hadi 10 kila wiki mbili hadi nne, na kwa kawaida lisivuke asilimia 25 ndani ya wiki mbili. Ni asilimia ya unachomeza sasa, si ya ulichoanza nacho. Kosa hili nimeliona hata kwa wasomi. Kwenye dozi ya miligramu 15, robo ya kidonge ni kitu kidogo. Kwenye dozi ya miligramu 5, robo ile ile ni asilimia 25 nzima. Kidonge ni kile kile, wembe ule ule, lakini pigo ni mara tatu.

Mama yule alikuwa kwenye miligramu 15 kwa siku. Alichopangiwa na daktari, na mimi nikawa namsaidia kukifuata, kilikwenda hivi:

Kutoka 15 hadi 10, robo ya kidonge cha miligramu 5 (yaani 1.25) kila wiki mbili: 13.75, 12.5, 11.25, 10. Wiki nane.

Kutoka 10 hadi 5, robo ile ile lakini kila wiki tatu, kwa sababu sasa inauma zaidi: 8.75, 7.5, 6.25, 5. Wiki kumi na mbili.

Kutoka 5 hadi sifuri, akabadilishiwa vidonge vya miligramu 2, ambavyo robo yake ni 0.5, na kupunguza nusu miligramu kila wiki mbili: 4.5, 4, 3.5, 3, na kuendelea. Hatua kumi, wiki ishirini.

Jumlisha: wiki arobaini. Miezi tisa na kitu, kama mimba. Aliposikia hivyo alicheka, akasema basi na azae.

Wako wanaomaliza kwa miezi mitatu, wako wanaochukua mwaka na nusu, na sioni sababu ya kushindana. Usiichukue ratiba ya mama kama yako. Chukua namna ya kufikiri. Vidonge vya miligramu 2 havipatikani kila famasia, kwa hiyo anza kuvitafuta ukiwa bado kwenye 7.5, si siku ulipokwama. Vikikosekana, mwulize daktari habari ya diazepamu ya maji, au anaweza kukupangia kumeza 5 leo na 3.75 kesho kwa kupokezana. Hilo linawezekana kwa diazepamu kwa sababu inakaa mwilini siku nyingi. Kwa alprazolamu au lorazepamu, kuruka siku ni kujitafutia balaa. Na usisage kidonge ukakoroga kwenye kikombe cha maji ukidhani umepata dozi sawa. Diazepamu haiyeyuki vizuri kwenye maji, inatuama chini: fundo la kwanza ni maji matupu, la mwisho ni dozi nzima.

Kukata kidonge

Famasia nyingi zina kifaa cha plastiki cha kukatia vidonge. Ukikosa, wembe mpya juu ya kibao kikavu. Vidonge vingi vya miligramu 5 vina mstari katikati. Weka wembe kwenye mstari, bonyeza mara moja kwa nguvu, usisugue kama unayekata kitunguu. Nusu ikipatikana ikate tena. Robo hazitakuwa sawa, na vumbi kidogo litamwagika. Usihangaike: meza robo nne za kidonge kimoja kwa mfululizo wa siku, kosa la leo linafidiwa kesho.

Kata vya siku nne tu kwa wakati mmoja. Unyevu wa Dar unalainisha vipande haraka, hasa masika. Tumia kichupa kikavu chenye mfuniko wa kubana, mbali na jiko, mbali na dirisha, na mbali kabisa na watoto. Mama alikuwa anaficha kichupa chake ndani ya kopo la Blue Band juu ya kabati. Mjukuu akalifikia kopo akitafuta siagi. Bahati alikuwa hajafungua kichupa. Tukahamishia kwenye sanduku lenye kufuli.

Jambo dogo lenye maana: baki na kiwanda kimoja. Ukikuta stripu imebadilika rangi au jina, uliza. Na nunua famasia iliyosajiliwa, kwa cheti. Vidonge vya mkononi huko vichochoroni huwezi kujua ndani kuna nini, na katika punguzo la robo ya kidonge kutojua kunatosha kukulaza hospitali.

Daftari

Daftari la shule linatosha. Kila usiku andika vitu vitatu: umemeza kiasi gani, umelala kwa saa ngapi, na siku ilikuwaje kati ya moja na kumi. Ukiandika zaidi ya hapo utaanza kujichunguza kila mshipa, na kujichunguza nako kunaleta wasiwasi. Mama aliongeza safu ya nne kwa hiari yake, "makelele": wiki ya tano alikuwa anasikia tone la bomba la jirani kama nyundo. Wiki ya saba ameandika "bomba linavuja, basi." Sentensi hiyo ilimwambia daktari mengi kuliko maswali yake yote.

Kanuni ya kusonga ni moja: shuka hatua inayofuata pale tu siku zako zimetulia. Hazijatulia, baki hapo wiki moja, mbili, hata nne. Mambo yakizidi, mpigie daktari, na kwa kawaida atakurudisha ngazi moja tu, si juu kabisa ulikotoka.

Arosto, malaria na taifodi

Sehemu hii naiandikia Dar hasa, kwa sababu miongozo ya Ulaya haiijui.

Mtu akitetemeka, akatoka jasho, mwili ukamuuma, hamu ya kula ikaisha, sisi hapa tuna jibu tayari: malaria. Na ikiwa si malaria ni taifodi. Arosto ya dawa hizi inafanana na malaria kama pacha, na inachelewa kuja: kwa lorazepamu na alprazolamu ndani ya siku moja au mbili baada ya kupunguza, kwa diazepamu siku kadhaa, hata wiki. Mtu amekwisha kusahau kwamba alipunguza Jumatatu.

Basi pima. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni kinatoa jibu ndani ya dakika ishirini. Kikionyesha huna malaria, usimeze mseto "kwa tahadhari". Chukua pia joto la mwili: arosto ya kawaida haileti homa kali. Homa kali pamoja na kuchanganyikiwa ni dharura, iwe malaria au iwe arosto.

Taifodi ndiyo inayonitisha zaidi. Kwa taifodi watu hupewa siprofloksasini, tena wengine huinunua wenyewe. Dawa hiyo na ndugu zake huzuia kazi ya ile ile GABA inayojaribu kusimama upya kichwani mwako. Inaweza kuzidisha arosto, na imewahi kuwaangusha watu kifafa. Ukiandikiwa, mwambie daktari papo hapo kwamba uko kwenye punguzo la benzodiazepini, umwulize kama kuna nyingine.

Zipo na nyingine za kuangalia. Rifampisini ya kifua kikuu inaharakisha ini kuiondoa diazepamu. Unaweza kuwa unameza kiasi kile kile na mwili ukaona umepunguziwa ghafla. Omeprazoli ya vidonda vya tumbo na flukonazoli ya fangasi hufanya kinyume, dawa inalundikana. Tramadoli ya maumivu ni mbaya pande zote mbili: ikikutana na Valium inazima pumzi, na yenyewe inaweza kuleta kifafa. Simaanishi usitibiwe. TB haingoji. Ninachosema ni kwamba kila anayekuandikia dawa ajue.

Pombe je? Inashika sehemu ile ile ya ubongo. Anayepunguza kidonge na kuongeza bia hajapunguza kitu, amebadilisha chupa. Pamoja vinaua. Kahawa chungu ya kijiweni na vinywaji vya kuongeza nguvu navyo vishushe, ila polepole, maana kuacha kahawa ghafla kuna maumivu yake ya kichwa na utadhani ni arosto. Piriton, ambayo wengi huimeza ili wasinzie, si mbadala.

Ukiona haya, nenda hospitali usiku huo huo, usisubiri pakuche: kuanguka na kukakamaa, kuona au kusikia visivyokuwepo, kutojua ulipo, homa kali, mawazo ya kujiua. Mwenzako abebe stripu tupu na aseme neno moja mlangoni: "Alikuwa anatumia Valium, amepunguza." Nasema hivi kwa sababu mtu anayeona visivyoonekana, katika nyumba zetu, mara nyingi hupelekwa kwanza kwa mganga ili majini yapungwe. Kisomo kinaweza kusomwa wodini pia.

Usiku

Usingizi utaharibika. Afadhali ulijue mapema. Baada ya kila ngazi tegemea usiku kadhaa mbovu, kisha unarudi kidogo kidogo.

Kinachosaidia kuliko vyote ni kuamka saa ile ile kila siku, hata kama umelala kwa saa mbili tu. Mama alichagua adhana ya alfajiri, haihitaji saa ya kuamsha. Kitanda kiwe cha kulala tu. Ukikaa macho kama dakika ishirini, toka, kaa kwenye kiti gizani, rudi ukisinzia. Simu ibaki chumba kingine. Mchana usilale zaidi ya nusu saa. Joto la Desemba hadi Machi ni adui wa kweli, basi oga maji ya baridi kabla ya kulala, na umeme ukikatika feni ikasimama, lala karibu na dirisha, chandarua kikiwepo. Kigodoro kikipigwa mtaa wa pili, huo si usiku wa kupimia maendeleo yako.

Kwa waendesha bodaboda na madereva wa daladala: siku uliyopunguza na siku chache zinazofuata, macho mazito na mikono yenye kitetemeshi havifai barabara ya Mandela. Panga ngazi zako kuangukia siku za mapumziko.

Misiba, Ramadhani na safari

Usipunguze wiki ya msiba, ya mtihani, ya kuhama nyumba, wala ya kuuguza. Baki ulipo. Ukienda mkoani kuzika, beba dozi ya siku zako zote na za ziada kumi, pamoja na cheti. Huko unakokwenda huenda famasia ya karibu iko mwendo wa saa tatu.

Anayefunga Ramadhani kwa kawaida anaweza kugawa diazepamu kati ya futari na daku, lakini mgawo ubadilishwe na daktari wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, na mwezi wenyewe usiwe wa kushuka ngazi. Wa alprazolamu ya mara tatu kwa siku amwone daktari kwanza. Kwake, kufunga mchana kutwa ni kuiacha dawa saa kumi na tatu.

Nyumbani, ajue angalau mtu mmoja. Si lazima ukoo mzima. Mama alimwambia binti yake mkubwa, naye jibu lake lilikuwa, "Mama, mbona nilijua? Nilikuwa nahesabu stripu kwenye taka."

Robo ya mwisho

Miligramu za mwisho zina sifa mbaya kuliko zinavyostahili. Watu wanakaa kwenye 0.5 miezi mitatu kwa hofu. Kama ngazi za juu zilipita salama, na daktari amekubali, siku inafika unaacha hicho kipande. Arosto nyepesi inaweza kuja na kuondoka kama mawimbi kwa wiki au miezi: siku nne nzuri, mbili mbovu, bila sababu.

Usirudie "kimoja tu" siku ngumu. Na uwaonye wa nyumbani: mwili uliokwisha kuacha umepoteza yale mazoea, dozi ya zamani sasa ni kubwa kwake, na ikikutana na pombe au tramadoli mtu anaweza asiamke.

Vilivyobaki usimpe jirani mwenye msiba, hata akilia. Ndivyo ilivyoanza kwako. Rudisha famasia.

Mama alirudi jioni moja ya Agosti na kile kichupa. Tukavimwaga juu ya trei, tukavihesabu pamoja: vidonge kumi na kimoja vizima vya miligramu 2, nusu mbili, na robo moja iliyokuwa imeanza kupukutika. Nikaviandika, nikavitia kwenye boksi la dawa za kuharibiwa. Akabaki amesimama.

"Kuna kingine, mama?"

"Nipe Panadol, mwanangu. Magoti."